Kizimba cha Gari Huanzia kwenye Mkunjo: Zana Zinazohitajika Meru na Embu

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru haijui kunyooka. Baada ya Runyenjes huvuka mfululizo wa mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, Thuci, Nithi, Mutonga na mingine midogo, na kila mto una mteremko wake, kona yake na daraja lake. Madereva wa Safari Rally waliijua ardhi hii enzi ambazo mashindano yalikimbizwa kwenye barabara za kawaida na kuuzunguka mlima. Wakazi wanaijua kwa uchungu zaidi. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa liliacha barabara kwenye daraja la Nithi na kutumbukia bondeni. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Gari linapobiringika, swali ni moja tu: je, nafasi aliyokaa binadamu itabaki kuwa nafasi? Kwa mabasi, shirika la viwango la Kenya, KEBS, lina kiwango cha KS 372 kuhusu ujenzi wa bodi, na Kanuni ya 66 ya Umoja wa Mataifa hupima uimara wa bodi kwa kulipindua basi kutoka jukwaani hadi sakafu iliyo milimita 800 chini yake. Kwa magari ya mashindano, jibu ni kizimba cha mabomba ya chuma kinachojengwa ndani ya bodi, kile ambacho mafundi hukiita rolkeji. Januari 2020, katika Monte Carlo Rally, Ott Tänak na msaidizi wake Martin Järveoja waliacha barabara wakiwa katika mwendo wa takriban kilomita 180 kwa saa, gari lao likajibiringisha kwenye genge la mlima. Wote wawili walitoka kwa miguu yao.

Mafundi wa Meru na Embu hawakosi mikono. Vibanda vya jua kali hutoa mageti, fremu za vitalu vya kupandia mboga, vichanja vya kubebea mizigo juu ya pikapu na vyuma vya kukinga injini za bodaboda. Ujuzi wa kukata, kukunja na kuchomelea upo. Lakini kizimba cha usalama kina masharti ambayo geti halina, na karibu masharti yote hayo hurudi kwenye zana. Watu wakianza kuzungumzia ubora wa kizimba huanza na kuchomelea, kwa sababu ndiyo kazi inayoonekana na yenye cheche. Ukweli ni kwamba vizimba vingi huharibika mapema zaidi, pale bomba linapokunjwa.

Nani anakihitaji

Mahitaji hayatoki kwenye mbio za magari pekee. Rhino Charge, mashindano ya kupita porini yaliyoanza mwaka 1989, huchangisha fedha kwa ajili ya shirika la Rhino Ark, ambalo lilianza na uzio wa msitu wa Aberdare na baadaye likageukia Mlima Kenya wenyewe, unaogusa kaunti za Meru na Embu. Magari yake hupanda miamba na kushuka makorongo kwa pembe ambazo gari la kawaida halikuundwa kuzivumilia, na kulala ubavu ni jambo la kutarajiwa. Kuna pia mbio za kitaifa zinazosimamiwa na shirikisho la michezo ya magari, KMSF, ambazo zimewahi kufanyika Nanyuki, mwendo mfupi tu kutoka mashamba ya ngano na shayiri ya Timau.

Katika mashamba hayo hatari inayofanana na hiyo iko kwenye trekta. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Hapa fundi anapaswa kujua mpaka wake. Fremu ya trekta hupimwa kiwandani ikiwa kitu kimoja pamoja na vishikizo vyake, na kuitoboa au kuichomelea kiraka hufuta kipimo hicho. Trekta lisilo na fremu linahitaji fremu iliyothibitishwa kwa ajili ya modeli yake, ifungwe inavyoelekezwa. Kuigiza umbo lake kwa bomba lolote hakumkingi mtu.

Upo pia mkanganyiko wa pikapu. Hilux nyingi, zikiwemo zinazokimbiza miraa kutoka Maua na muguka kutoka Mbeere, hufungwa tao la bomba linalong'aa nyuma ya kabati ya dereva. Mara nyingi tao hilo limeshikiliwa na bolti chache kwenye bati jembamba la sanduku la mizigo. Linapendeza na linafaa kufungia kamba, lakini dereva yuko mbele yake, chini ya paa ambalo halijaongezewa chochote. Anayeamini kwamba tao hilo linamkinga anaendesha kwa imani isiyo na msingi.

Bomba gani

Kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, katika kifungu cha 253 cha Nyongeza J, ndizo msingi wa vizimba vya rali duniani. Zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya kustahimili mvuto isiyopungua niutoni 350 kwa kila milimita mraba. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti vya mbele, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au milimita 50 na unene wa 2.0. Sehemu nyingine nyingi zinaweza kuwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Hivyo ni vipimo vya chini kabisa.

Ukiingia duka la vyuma na kuomba bomba la inchi moja na nusu, utakachopewa kwa kawaida ni bomba la maji. Jina hilo ni la kibiashara: kipenyo chake halisi cha nje ni milimita 48.3. Mengi ya mabomba hayo yana mshono, na hayauzwi kwa ahadi yoyote kuhusu nguvu ya chuma chake. Yaliyopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu yanapochomelewa, na zinki huharibu kiungo. Uzito nao ni hoja. Bomba la maji la kipimo hicho lenye ukuta wa milimita 3.68 lina takriban kilo 4 kwa mita, ilhali bomba la 45 kwa 2.5 lina kilo 2.6. Katika kizimba cha mita 30, tofauti inazidi kilo 40, na sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu, mahali panapolifanya gari kuwa jepesi kupinduka. Bomba nene la aina isiyojulikana linaweza kuongeza hatari ileile lililokusudiwa kuipunguza.

Kwa hiyo zana ya kwanza ya kazi hii ni kalipa, ya kupimia kipenyo na unene kabla ya kulipa, ikiambatana na cheti cha kiwanda kinachoonyesha aina ya chuma. Muuzaji asiyeweza kutoa cheti hajauza bomba la kizimba.

Mashine mbili za kukunja

Mashine iliyozoeleka zaidi katika karakana ndogo ni ile ya jeki ya haidroli. Bomba huegemezwa kwenye roli mbili, jeki husukuma kalibu katikati, nalo bomba hupinda. Kwa bomba nene la maji na kona pana, hufanya kazi yake. Tatizo ni kwamba husukuma upande mmoja huku kuta za bomba zikiwa hazijabanwa vizuri, hivyo bomba hubonyea na kuchukua umbo la yai, au hufanya makunyanzi upande wa ndani wa kona.

Kuna kasoro ya pili, ambayo wengi hawaioni kwa sababu imejificha kwenye namba. Kalibu za mashine hizo zimechongwa kwa vipimo vya mabomba ya maji: inchi moja ni milimita 33.7, inchi moja na robo ni 42.4, inchi moja na nusu ni 48.3, inchi mbili ni 60.3. Linganisha na vipimo vya FIA: 38, 40, 45 na 50. Hakuna hata kimoja kinacholingana. Bomba la 45 haliingii kwenye kalibu ya 42.4, na likiwekwa kwenye ya 48.3 linabaki na ulegevu wa zaidi ya milimita 3. Ulegevu huo ndio unaolipa bomba nafasi ya kutanuka pembeni na kubonyea. Fundi hodari akiwa na kalibu isiyo sahihi atatoa mkunjo mbaya kila mara, na lawama atabeba yeye.

Kanuni hazina huruma kuhusu jambo hili. Bomba likunjwe likiwa baridi, nusu kipenyo ya kona ikipimwa kwenye mstari wa katikati isipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba. Likibonyea, kipimo chembamba kikigawanywa kwa kipana kisipungue 0.9. Uso wa kona uwe laini, bila mawimbi wala nyufa. Mbinu ya kujaza mchanga na kupasha moto, inayosaidia sana kwenye kazi za mapambo, inaondolewa hapa na neno moja: baridi.

Sababu iko ndani ya chuma chenyewe. Bomba la milimita 45 likikunjwa kwa nusu kipenyo ya 135, upande wa nje hurefuka kwa takriban asilimia 17 na wa ndani hufinyika kwa kiasi kama hicho. Ukuta wa nje hupungua unene. Bomba lisiloshikwa pande zote hutafuta njia rahisi ya kukwepa mvutano huo, nayo ni kulala. Kona iliyolala ndiyo itakayojifunga kwanza paa likigonga ardhi.

Mashine inayofaa ni ile inayozungusha kalibu. Klempu hulifunga bomba kwenye gurudumu lenye mfereji wa kipimo chake kamili, na kipande kingine chenye mfereji kama huo hulisindikiza kwa nje wakati gurudumu linazunguka. Bomba halina pa kutanukia. Kwa kuta nyembamba au kona kali zaidi huongezwa kiini cha chuma kinachoingizwa ndani ya bomba ili kulishikilia pale linapopinda. JD2 Model 3 ya Marekani ni mfano unaojulikana wa mashine hizi: hukunja kwa nguvu ya mikono kupitia mkono mrefu wa kukaza hatua kwa hatua, imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Haihitaji umeme. Kwa karakana ambayo stima hupotea mchana, hiyo ni faida kubwa.

Gharama yake kubwa iko kwenye kalibu, maana kila kipenyo kinataka yake. Fremu ya mashine si fumbo. Ni mabamba mazito, pini imara na matundu yaliyotobolewa kwa usahihi, mambo ambayo fundi mzuri wa Embu au Meru anaweza kuyatengeneza akipewa michoro. Gurudumu la kalibu ndilo linalohitaji mashine ya kukereza na mkerezaji anayejua kazi. Hapo ndipo taasisi kama Meru National Polytechnic, inayofundisha uhandisi wa mitambo, zinapokuwa na nafasi ambayo duka haliwezi kuijaza.

Kupima kabla ya kukunja

Tao kuu lazima liwe bomba moja lisilo na kiungo. Kosa kwenye kona ya mwisho hutupa bomba zima, pamoja na kazi ya kona zilizotangulia. Ndiyo maana zana za kupimia, ambazo bei yake ni ndogo kuliko zote, huokoa pesa nyingi kuliko zote.

Kazi huanza na kielelezo. Nondo nyembamba ya milimita 6 hukunjwa kwa mkono ndani ya gari ikifuata nguzo za milango na paa, au mabomba ya plastiki hufungwa kwa utepe wa gundi hadi umbo lionekane. Umbo hilo huchorwa kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu. Kisha huja hesabu. Kona ya nyuzi 90 yenye nusu kipenyo ya 135 hutumia milimita 212 za bomba. Anayepima kwa guni hadi kwenye ncha ya kona atahesabu 135 na 135, yaani 270. Tofauti ya milimita 58 kwa kila kona, ikirudiwa mara mbili, inatosha kulifanya tao lisiingie ndani ya gari, au liingie likiwa na pengo kubwa kati yake na nguzo.

Chuma pia hurudi. Kikikunjwa hadi 90 na kuachiliwa, hulegea nyuzi kadhaa kulingana na aina yake na unene wake. Hakuna jedwali linaloweza kuchukua nafasi ya kipande cha majaribio kutoka bomba lilelile: kukikunja, kukiachilia, kukipima kwa kipimapembe cha dijitali, na kuandika matokeo ukutani juu ya mashine. Kosa jingine la kawaida ni kulizungusha bomba kidogo bila kujua kati ya kona moja na nyingine, hadi tao likawa limepotoka na halilali bapa sakafuni. Dawa yake ni pima maji dogo lililobanwa kwenye ncha ya bomba, likisomwa upya kabla ya kila mkunjo.

Mdomo wa samaki

Bomba moja linapokutana na jingine, ncha yake hukatwa umbo la mdomo wa samaki ili ilikumbatie lile jingine. Zana maalumu ya kazi hii ni rahisi: reli inayobana bomba kwa pembe inayotakiwa, na msumeno wa duara unaozungushwa na drili. Msumeno uwe na kipenyo cha bomba linalopokea, na drili iende polepole huku ikimwagiwa mafuta, la sivyo meno huisha ndani ya dakika chache.

Asiye na zana hiyo hana sababu ya kukata tamaa. Karatasi iliyochorwa mstari wa mkato kwa programu ya kompyuta, ikachapishwa kwa kipimo halisi na kuzungushiwa bomba, humpa mwenye grainda na tupa mstari wa kufuata. Hupoteza muda, lakini matokeo yanaweza kuwa sawa. Kisichokubalika ni kukata ncha bapa na kujaza pengo kwa chuma cha kuchomelea. Kabla ya kushikiza, mafundi waangalifu huweka kurunzi ndani ya kiungo: mwanga mpana ukipenya, tupa irudi kazini.

Kuchomelea

Kanuni zinataka kiungo kichomelewe mzunguko wote wa bomba, na hapo ndipo vizimba vingi hudanganya. Sehemu ya juu ya kiungo, iliyo karibu na paa, haifikiki. Fundi hupaka rangi na kunyamaza. Njia ya haki inajulikana. Viungo vya juu hukamilishwa kizimba kikiwa kimeshushwa, miguu yake ikipitishwa kwenye matundu yaliyokatwa sakafuni, kisha kizimba hupandishwa na matundu kufunikwa na mabamba ya kukalia miguu. Vinginevyo paa huondolewa kwanza. Mpango huu lazima ufanywe siku ya kwanza, maana haiwezekani kurudi nyuma baada ya miguu kuchomelewa.

Kuhusu mashine, ile ya waya yenye gesi, MIG, huenda haraka na kudhibitika vizuri, lakini gesi yake hupeperushwa na upepo, na vibanda vingi viko wazi pande tatu. Pazia la turubai ni zana halali ya usalama hapo. TIG hutoa kiungo safi kabisa kwa fundi mtulivu aliye na muda. Mashine ya rodi, iliyo kila mahali, inaweza kufanya kazi hii ikiwa rodi ni sahihi. Rodi za 6013 zinazotumika kwenye mageti ni rahisi kuwasha. Za 7018 hutoa kiungo kigumu kupasuka zaidi, ila sharti ziwe kavu. Zikinyonya unyevu, hidrojeni huingia kwenye chuma na kuleta nyufa zisizoonekana. Katika baridi na ukungu wa upande wa mlima, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa rafuni wiki nzima haifai, mpaka ikaushwe kwenye tanuri la rodi kwa joto alilotaja mtengenezaji.

Umeme unaoshuka na kupanda hubadilisha kina cha kuyeyuka katikati ya mstari mmoja. Kwa hiyo kipande cha majaribio kichomelewe asubuhi hiyo, kikatwe katikati kwa msumeno na kutazamwa kama chuma kimeyeyukia ndani. Vyeti vya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, vya daraja la tatu hadi la kwanza humwambia mteja kwamba fundi amepimwa. Kipande kilichokatwa humwambia kwamba mashine, rodi na umeme wa leo vinatosha.

Miguu, sifongo na mikanda

Kizimba imara juu ya bati lenye kutu hutoboa sakafu kama kigingi. Kila mguu wa tao kuu na wa matao ya mbele unahitaji bamba la kuimarisha lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita mraba 120, kwa mfano 10 kwa 12, likishikwa na bolti tatu za M8 za daraja la 8.8. Daraja hilo huandikwa kwenye kichwa cha bolti. Bolti isiyo na maandishi haina daraja linalojulikana, hata kama muuzaji ataapa.

Jambo la mwisho linahusu gari la matumizi ya kila siku. Bomba lililo karibu na kichwa kisicho na kofia ya chuma ni hatari hata kwenye ajali ndogo. Kizimba kamili hufanya kazi pamoja na kiti kisichoyumba, mikanda ya mashindano, kofia na sifongo ngumu isiyoshika moto, inayotengenezwa kwa kazi hiyo. Mzazi anayepeleka watoto shuleni Makutano haongezewi usalama kwa kujengewa kizimba, bali kwa mikanda inayofungwa, matairi mazuri na mwendo wa kiasi. Fundi mwaminifu anapaswa kuikataa kazi hiyo na kusema kwa nini.

Nini kinunuliwe kwanza

Mpangilio wa kawaida wa karakana inayokua ni kuboresha mashine ya kuchomelea, kisha grainda, na mwishowe kufikiria kukunja. Kwa vizimba, mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Kalipa, kipimapembe, pima maji na guni vije kwanza. Mashine inayozungusha kalibu ifuate, ikiwa na kalibu mbili tu mwanzoni: ya 45 kwa tao kuu na ya 38 kwa sehemu nyingine. Zana ya mdomo wa samaki ni ya tatu. Mashine ya kuchomelea iliyopo ikiwa nzuri, na fundi akiwa amepimwa, inaweza kusubiri.

Soko la vizimba Meru na Embu halitoshi kumlipa kila fundi gharama ya kalibu. Linaweza kutosha kikundi. Karakana nne au tano zikichanga kupitia chama chao, mashine moja iliyofungwa mahali pamoja, iwe kwenye eneo la jua kali au kwenye karakana ya chuo, inaweza kukunja mabomba ya wote kwa malipo ya kila kona, huku kila fundi akiunganisha na kuchomelea kwake. Mashine hiyohiyo ingekunja viti vya bustani, fremu za vitalu na vyuma vya bodaboda siku ambazo hakuna kizimba. Kikundi kama hicho kingeweza pia kuagiza bomba lisilo na mshono kwa pamoja kutoka Nairobi, likiwa na cheti, na kumwalika mkaguzi wa KMSF kuukagua mkunjo wa kwanza kabla ya bomba la pili kukatwa.